Nyayo za Dubu wa Numidia

Ukitoka Annaba, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Algeria, ukashika barabara ya kusini kuelekea Guelma, bahari inabaki nyuma na nchi inaanza kuinuka kidogo kidogo. Mkono wa kulia unauacha mlima Edough na misitu yake ya mialoni. Mbele kuna mashamba ya ngano, mizeituni, kisha vilima. Warumi waliiita Annaba Hippo Regius, Guelma wakaiita Calama, na nchi yote hii ikajulikana kwa jina la Numidia. Nilikuja huku kumfuata mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba alikuwa Mwafrika: dubu wa kahawia.

Vitabu tulivyosomea Afrika Mashariki humweka dubu kwenye theluji ya Urusi au misitu ya Marekani, na ukitaja wanyama wakubwa wa bara letu hakuna anayemhesabu. Lakini mifupa yake imo katika mapango ya milima ya Atlas, Morocco na Algeria. Na wa kale walimjua. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, alipowataja wanyama wa Libya ya magharibi, jina ambalo Wagiriki waliipa Afrika ya kaskazini, aliweka simba, tembo na dubu katika orodha moja.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, kwa sababu aliuandika bila kuuamini. Katika kitabu chake cha elimu ya viumbe anasimulia kwamba Septemba ya mwaka 61 KK, Domitius Ahenobarbus, ofisa aliyesimamia michezo ya Roma, aliingiza uwanjani dubu 100 wa Numidia pamoja na wawindaji 100 wa Kiethiopia, yaani watu weusi kwa matumizi ya Kilatini cha wakati ule. Baada ya kuandika hivyo, Pliny anashangaa: vipi waitwe wa Numidia, na inajulikana kwamba Afrika haina dubu? Angeweza kulifuta neno hilo ili habari ikubaliane na rai yake. Aliliacha. Kumbukumbu za umma zilisema Numidia, naye akazinukuu zilivyo. Karibu miaka 1,800 ikapita kabla mtu hajachimbua jibu lake.

Jibu lilikuwa karibu na hapa. Magharibi ya Guelma unapita Hammam Debagh, ambako maji ya moto yanatiririka juu ya ukuta mweupe wa chokaa uliojengwa na maji yenyewe. Kusini kidogo kuna Announa, magofu ya mji wa Thibilis, yenye tao la Kirumi na mabaki ya kanisa. Na upande wa pili wa bonde unasimama Djebel Thaya. Mlimani humo limo pango kubwa ambalo wenyeji huliita Ghar el Djemaa, pango la msikiti. Karibu na mlango wake kuta zimechorwa maandishi ya Kilatini, mistari mifupi inayorudia jambo lile lile: wakuu wa Thibilis, katika karne ya 3, walipanda hapa kila majira ya kuchipua kumtolea ibada mungu wa pango, Bacax. Mengine yamefupishwa mpaka zikabaki herufi chache tu, kwa sababu waliokuja mwaka hadi mwaka hawakuhitaji kuelezana walikuwa wakimwomba nani. Herufi hazilingani kimo. Nyingine zimeinama kufuata uso wa jiwe, na unaziona vizuri jua likiwa pembeni.

Nyuma ya mlango huo pango linashuka ndani ya mlima, na huko ndiko Mfaransa Jules-René Bourguignat alikokusanya mifupa katika miaka ya 1860. Aligundua dubu, tena wengi. Alikuwa mtu wa kupenda kutoa majina, kwa hiyo akagawa mifupa ile katika spishi kadhaa, mojawapo akaiita Ursus faidherbianus kwa heshima ya Jenerali Faidherbe, aliyekuwa akiongoza jeshi la Ufaransa pale Annaba baada ya kutawala Senegal. Leo hakuna anayeukubali mgawanyo ule. Mifupa, hata hivyo, ilimaliza ubishi wa Pliny: dubu wa Afrika hakuwa hadithi ya wauza wanyama.

Kutoka Thaya nikageuza mashariki, kwa sababu nchi hii ilizaa waandishi wawili walioishi katika ustaarabu uliokuwa ukimmaliza dubu, na wote wawili waliacha neno juu yake. Wa kwanza ni Apuleius wa Madauros, mji ambao magofu yake yako M'Daourouch, katika mkoa wa Souk Ahras. Katika riwaya yake ya karne ya 2, tajiri mmoja wa Ugiriki anakusanya dubu kwa ajili ya michezo ya hadhara. Dubu wanafungwa muda mrefu, joto linawachosha, ugonjwa unawaingia, wanakufa karibu wote, na mizoga inatupwa barabarani ambako maskini wanaigombea nyama yake. Hadithi ni ya kubuni, lakini maelezo yake ya kifungo, joto na ugonjwa ni ya mtu aliyejua biashara ile ilivyoendeshwa. Kwa kila dubu aliyefika uwanjani akiwa hai, wengine walikuwa wameshakufa njiani.

Wa pili ni Agostino, aliyezaliwa Thagaste, Souk Ahras yenyewe. Mwaka 386, akimwandikia Romanianus, tajiri wa mji wao aliyemgharamia masomo, anamkumbusha sifa alizopata kwa kuwapa wananchi maonyesho ya dubu na mambo mengine ambayo mji ule ulikuwa haujawahi kuyaona. Sentensi moja tu, lakini ina uzito. Thagaste haikuwa Roma. Ulikuwa mji mdogo wa bara, na hata huko heshima ya mkubwa ilipimwa kwa dubu. Mahitaji hayakuwa ya mji mkuu peke yake. Kila mji wenye uwanja na kila mheshimiwa mwenye fedha alivuta kamba upande wake.

Ukivuka mpaka na kufika Tunis, makumbusho ya Bardo yanayo michoro ya vijiwe kutoka majumba ya matajiri wa zama zile. Mmoja, uliotoka Radès karibu na Carthage, unaonyesha dubu wa uwanjani wakiwa na majina yao kando: Fedra, Alecsandria na wengine. Inaniuma kuuangalia. Watazamaji waliwajua mmoja mmoja, wakawashangilia kwa majina, na hakuna aliyefikiri kwamba milimani wanapotoka idadi ina mwisho. Kufikia mwisho wa karne ya 4 mwisho huo ulianza kuonekana. Symmachus, seneta mkubwa wa Roma, akiandaa michezo ya mwanawe mwaka 393, alilalamika katika barua kwamba baada ya kungoja sana ameletewa watoto wachache wa dubu, wamedhoofu kwa njaa na safari.

Sitaki kuuwekea uwanja wa Roma lawama yote. Dubu hakutoweka Afrika siku Roma ilipoanguka. Kilichofuata kilikuwa cha polepole: misitu ya mialoni ikakatwa kwa kuni, mkaa na malisho, na misitu ndiyo iliyompa dubu chakula chake cha vuli. Kisha bunduki zikafika. Mwaka 1841 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Crowther, alimpa mtaalamu Edward Blyth habari za dubu jike aliyeuawa chini ya milima ya Tetouan, kaskazini mwa Morocco. Blyth aliziwasilisha kwa Jumuiya ya Zoolojia ya London. Dubu huyo alikuwa mdogo kuliko dubu mweusi wa Marekani, amejaa mwili, pua fupi, kucha fupi, manyoya marefu ya kahawia inayokaribia weusi, na tumboni rangi ya chungwa lililoiva sana. Alikula mizizi, matunda ya mwaloni na kokwa. Miaka michache baadaye akaitwa Ursus crowtheri. Maelezo hayo ndiyo picha kamili kuliko zote tuliyo nayo ya dubu wa Atlas akiwa na ngozi yake. Vitabu vingi huuweka mwisho wake karibu na mwaka 1870.

Kwa muda mrefu swali lililobaki lilikuwa: tulipoteza nini hasa? Wapo waliosema ni dubu wa kahawia wa kawaida, kipande kidogo cha jamii iliyoenea kutoka Hispania hadi Alaska, na kwa hiyo hasara yenyewe ni ndogo. Jibu lilitoka Lyon, Ufaransa, mwaka 2008. Sébastien Calvignac, Catherine Hänni na wenzao walichukua mifupa ya dubu ya Algeria na Morocco, wakatafuta DNA ndani yake.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Joto huivunja DNA, na mifupa iliyokaa Afrika imekaa kwenye joto. Unatoboa jino au mfupa, unapata unga kidogo, unafanyia kazi chumba ambacho hata pumzi ya mtafiti inaogopwa, na mara nyingi hupati kitu. Walichokilenga ni DNA ya mitokondria, ile inayopita kwa mama peke yake. Kwa dubu, DNA hii ina faida ya pekee. Jike akikua hujipatia eneo jirani na la mama yake, hata wakapakana kwa vizazi, wakati dume husafiri mamia ya kilomita. Kwa hiyo nasaba za kike hubaki zimeshikamana na nchi zao muda mrefu ajabu. Sweden, kwa mfano, nasaba mbili za dubu zilizoingia baada ya barafu kuyeyuka, moja kutoka kusini na nyingine kutoka kaskazini, bado zinakutana katikati ya nchi bila kuchanganyika sana kwa upande wa akina mama.

Mifupa ya Afrika ilitoa majibu mawili. Baadhi ya dubu walibeba DNA inayofanana na ya dubu wa Hispania na Ureno. Ama walivuka mlangobahari wa Gibraltar, ambao leo una kilomita 14 hivi pale penye wembamba zaidi, ama watu waliwapakia. Wengine walibeba kitu ambacho hakikufanana na cha dubu yeyote wa kahawia aliyepimwa popote duniani. Ilikuwa nasaba iliyojitenga zamani sana, ikakaa Afrika, ikatoweka yote, na bara likabaki bila dubu.

Hapo ndipo hoja ya hasara ndogo inapoanguka. Idadi ya dubu wa kahawia duniani inakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, na ukiwatazama kwa jumla hiyo spishi haimo hatarini. Lakini jumla inaficha. Utajiri wa spishi uko katika tofauti zilizomo kati ya nasaba moja na nyingine, na tofauti hizo huwa katika vikundi vidogo vilivyojibana milimani. Leo ukichukua dubu wa Cantabria, kaskazini mwa Hispania, ukawaachia milima ya Rif nchini Morocco, msitu utapata dubu. Nasaba ya Atlas haitarudi, kwa kuwa hakuna pango wala bustani ya wanyama duniani yenye jike aliyeibeba akiwa hai.

Kutengwa kwa kikundi kidogo kuna hatari yake nyingine, na Mtanzania hana haja ya kwenda mbali kuifahamu. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wa kuuma walizidi katika kreta ya Ngorongoro mpaka simba wakakonda na kufa; wakabaki kama kumi. Madume saba yakaingia kutoka nje, na baada ya hapo kreta ikajifunga. Idadi ilirudi ndani ya miaka michache, watalii wakaona simba kama zamani, lakini watafiti walipopima damu na mbegu za kiume walikuta uzao wote unatoka kwa simba 15 tu na dalili za ndugu kuzaliana. Mhifadhi akiridhika na hesabu ya vichwa atapitwa na tatizo hilo.

Ulaya imejifunza somo hilo kwa gharama. Katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, mwaka 1995 walikuwa wamebaki dubu kama watano. Mwaka 1996 majike wawili kutoka Slovenia, Ziva na Melba, waliachiwa karibu na kijiji cha Melles. Mwaka uliofuata akaja dume, Pyros. Uhamisho ule uliokoa uwepo wa dubu. Leo wamezidi 80. Lakini Pyros alizaa karibu watoto wote kwa miaka mingi, hadi binti zake na wajukuu zake wakawa mama wa watoto wake, na ikabidi waletwe wengine kuipanua damu. Na tarehe 1 Novemba 2004, katika bonde la Aspe, mwindaji alimpiga risasi Cannelle, jike wa mwisho wa asili ya Pyrenees. Aliacha mtoto mmoja, Cannellito. Mtoto huyo alipona na akakua, ila ni dume. DNA ya mitokondria ya dubu wa Pyrenees, iliyopita kwa akina mama tangu enzi za barafu, haina njia tena.

Mimi sipingi kuhamisha dubu. Pale ambapo kikundi kimefikia watano, au ambapo mtengano umeletwa juzi tu na barabara na mashamba, kuleta wageni wachache ni tiba. Mwaka 2024 majimbo ya Montana na Wyoming yalihamisha dubu wawili kutoka kaskazini mwa Montana hadi eneo la Yellowstone, ambako dubu wameongezeka sana tangu walindwe mwaka 1975 lakini bado wamejitenga na wenzao. Huo ni uamuzi wa busara: zamani walikuwa wakitembeleana wenyewe. Ninachokikataa ni kungoja mpaka uhamisho uwe ndiyo njia pekee, kisha kuuita ushindi.

Ndiyo maana njia yangu haikuishia Tunis. Meli za dubu wa Numidia zilielekea Roma, na yapata kilomita 100 mashariki ya Roma, katika milima ya Apennines, kunaishi kikundi ambacho kingeweza kuwa Atlas ya pili. Ni dubu kama 50 hivi, wengi wakiwa ndani na kando ya hifadhi ya taifa ya Abruzzo, Lazio na Molise, iliyoanzishwa mwaka 1922. Mamia ya kilomita yasiyo na dubu yanawatenga na wenzao. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Waitalia walichapisha uchambuzi wa jenomu zao. Walionyesha kwamba kupungua kulianza wakulima wa kwanza walipochoma misitu ya Ulaya, na kwamba katika Italia ya kati idadi ilishuka mara 40. Hawana tena tofauti yoyote katika mitokondria. Sehemu ndefu za jenomu zimekuwa sawasawa kwa wote, na mabadiliko kadhaa mabaya yameshakaa kwa kila mmoja.

Kwa hesabu hiyo walistahili kuwa wameisha. Hawajaisha. Katika jeni zinazohusu kinga ya mwili na uwezo wa kunusa, watafiti walikuta utofauti mwingi uliobaki, huenda kwa sababu waliopoteza utofauti huo hawakuishi kuzaa. Walikuta pia mabadiliko yanayoelekea kupunguza ukali, jambo linalokubaliana na sifa ya dubu hawa ya kumkwepa binadamu. Karne nyingi za kuishi katikati ya wachungaji na vijiji zimeacha dubu wa namna yake, na hapatikani kwingine. Kuwachanganya leo na dubu wa Slovenia ingekuwa kufuta kwa vizazi vichache kitu kilichochukua maelfu ya miaka. Kwangu mimi, waachwe walivyo, na nguvu zote ziende katika kupunguza vifo.

Vifo hivyo vinajulikana mmoja mmoja. Mwaka 2020 jike aitwaye Amarena alizaa watoto wanne kwa mpigo, jambo la nadra sana. Mmoja wao, aliyepewa jina la Juan Carrito, alizoea kuingia mjini Roccaraso kutafuta chakula; tarehe 23 Januari 2023 aligongwa na gari karibu na Castel di Sangro akafa. Usiku wa tarehe 31 Agosti mwaka huo huo, Amarena mwenyewe alipigwa risasi San Benedetto dei Marsi, akiwa na watoto wengine wawili wadogo. Katika kikundi cha dubu 50, majike wanaozaa ni wachache sana, na huyu alikuwa ameshathibitisha uwezo wake.

Kinachohitajika huko ni kazi ya kawaida. Mwaka 2018 jike na watoto wake wawili walizama katika tangi la maji karibu na Villavallelonga, mahali ambapo wengine walikuwa wameshazama mwaka 2010. Wanaojitolea katika kundi la Salviamo l'Orso wamekuwa wakiweka uzio na ngazi kwenye matangi ya namna hiyo, wakiondoa nyaya za miiba zilizoachwa na kutengeneza njia za wanyama chini ya barabara. Wafugaji wa nyuki na wa kuku wanahitaji uzio wa umeme na fidia inayolipwa mapema, kabla hasira haijafika kwenye bunduki. Na magari yanahitaji kupunguza mwendo usiku kati ya Castel di Sangro na Roccaraso.